Muulize Mjomba: uniti zangu zimeenda wapi, na hela ya korosho imekwama kwa nani?

Wapwa zangu hamjambo huko mliko, kuanzia Mikindani mpaka Liwale. Barua za safari hii nimezisoma zote na karibu zote zina kilio kimoja, mita, laini, benki, dirishani, "sistimu iko chini njoo kesho". Sasa mi hiyo sistimu sijawahi kukutana nayo njiani nikaisalimia, kwaiyo kila atakayeniletea habari zake ntamuuliza swali moja tu, imekwama wapi na nani kakaa hapo ilipokwama? Haya twende.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mi fundi cherehani, nimepanga chumba na sebule Chikongola, mita yangu peke yangu. Kila mwanzo wa mwezi naweka umeme wa elfu tano napata uniti tisa na pointi, nikiweka elfu tano ileile katikati ya mwezi napata kumi na nne. Nimemuuliza wakala anasema ndo mtandao. Mjomba, mtandao unakula uniti? Na gesi yenyewe inatoka hapo Msimbati, si tungefikiriwa jamani. Fundi, Chikongola.

MJOMBA: Marahaba mpwa. Mtandao hauli uniti, kinachokula hapo ni kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, huu umeme wa kulipia kabla, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, Julai 2023 ikapanda ikawa 1,500, wenye ghorofa wana hesabu yao. Inakatwa ukinunua mara ya kwanza ndani ya mwezi. Chukua 5,000 yako toa 1,500 inabaki 3,500, uniti moja kwa mteja wa kawaida na makato yote ndani ni kama shilingi 356, gawanya mwenyewe utaipata hiyo tisa na pointi. Katikati ya mwezi kodi ilishakatwa, 5,000 nzima inaingia kwenye umeme, kumi na nne hizo. Hakuna aliyekuibia hapo. Hiyo meseji ya tokeni uwe unaisoma mpaka chini, watu mnanakili zile namba ishirini mnaifuta halafu mnakuja kuuliza makato, na makato yameandikwa humohumo!

Ila kuna ambalo hujauliza na ndo lenye hela. Hiyo kodi sio yako. Jengo ni la mwenye nyumba na kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, we unamlipia tu, kwa mwaka ni 18,000. Tunza meseji zako, siku ya kwenda kulipia chumba kaa nae kwa adabu muoneshe, aipunguze kwenye hela ya chumba. Wenye nyumba wengine ukiwaambia hivyo jibu lao ni "basi hama", hapo ujipime mwenyewe kama 18,000 inafaa kuhamisha cherehani. Na kama nyumba ni moja ina mita tatu na zote zinakatwa, hapo kuna kosa kwenye orodha, jengo moja halitakiwi kukatwa mara tatu, lakini aende mwenye nyumba mwenyewe na namba za mita zote, mpangaji ukienda utaambiwa kamlete.

Lingine. Kuna wenzio wanalipa shilingi 122 kwa uniti, hao wamewekwa kwenye kundi la matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Kama na we hufiki huko miezi yote, nenda ofisi ya TANESCO, na ukifika usiseme "umeme wangu unaisha haraka", hiyo kila mtu anaisema na jibu lake wameshalikariri. Sema "naomba muangalie mita namba fulani iko kundi gani la bei na kwa nini". Hapo mtu itabidi afungue kompyuta.

Ya gesi ya Msimbati watu waliyasema 2013 kwenye zile vurugu za bomba la gesi Mtwara na moshi ukafuka mji mzima, mi leo najibu mita tu.

SWALI: Mjomba, mi niko Lindi mjini, nyumba ya marehemu baba iko Mtama imefungwa tangu 2023. Juzi tumeifungua tufanye hitma, tumenunua umeme zikaja namba ndefu mafungu matatu, mita inakataa. Nikajaribu na tokeni ya zamani niliyoikuta imeandikwa nyuma ya kalenda ya baba nayo imekataa. Mita imekufa? Tumesoma hitma kwa taa za chaji, aibu. Mtoto wa Mtama.

MJOMBA: Mungu amrehemu mzee. Mita haijafa, imelala usingizi watu wakabadilisha saa. Ngoja nieleze maana hii wengi iliwapita. Zile namba ishirini za tokeni zimebeba muda ndani yake, mita hizi zinahesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na sio kwetu tu, ni mfumo wa nchi nyingi duniani. Sehemu ya kuhesabia ilikua inabeba dakika milioni kumi na sita na ushee basi, ikajaa tarehe 24 Novemba 2024. Ndo ile 2024 TANESCO wakawa wanatangaza maboresho ya mita na watu wakanunua umeme wa elfu mbili wakatumiwa namba kama za bahati nasibu. Nyumba yenu ilikua imefungwa, mita haikuonja.

Kwaiyo fungu la kwanza na la pili ni ya kubadili ufunguo wa mita, ile siri ya ndani inayoifanya isome tokeni, la tatu ndo umeme wenyewe. Ingiza la kwanza mpaka mwisho, likubali, ingiza la pili, likubali, ndo uje la tatu. Mi nahisi mmerukia la tatu kwa sababu ya pupa ya hitma. Kama mmekosea mara nyingi mita nyingine zinagoma kwa muda, iacheni mkanywe chai mrudi. Badilisheni na betri za rimoti, rimoti iliyokaa toka 2023 inaweza ikawa inakula namba njiani. Ikikataa bado, nenda na namba ya mita ukaombe mafungu ya kubadili ufunguo yatolewe upya. Tokeni ya nyuma ya kalenda isahauni, hiyo ni ya ufunguo wa zamani.

Na jiandaeni, kodi ya jengo haikulala mita ilivyolala, miezi yote hiyo inawasubiri, mkinunua ya elfu tano msishangae imemezwa. Hesabu mpya ya dakika inaanzia 2014, itajaa 2045, hapo mtajibiwa na Mjomba mwingine.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mi mkulima, Newala. Korosho nilipeleka AMCOS, chama chetu cha msingi cha ushirika, mapema kabisa, mnada ukapita, wenzangu wamelipwa mi bado. AMCOS wanasema hela imeenda benki, benki wanasema haijafika, nikirudi AMCOS wanasema sistimu. Nauli ya bodaboda kutoka kijijini peke yake ingetosha kununua salfa. Halafu dada wa benki kaniambia akaunti imelala na jina halifanani, kitambulisho kinasema Saidi, akaunti inasema Said. Mjomba herufi moja inazuia hela ya mwaka mzima? Saidi au Said, Newala.

MJOMBA: Marahaba Saidi, na marahaba Said pia. Kwako ntakaa sana maana hii sio ya kwako peke yako, huku kwetu kila msimu ni hadithi hiihii.

Kwanza ujue hela ya korosho inapita mikono mingapi. Unapima AMCOS unapewa karatasi yako, mzigo unaenda ghala kuu, unaingia mnadani, siku hizi mnada unaendeshwa kwenye mfumo wa soko la bidhaa, TMX, bei zinaonekana kwenye skrini watu wote wanaangalia na nyie wakulima ndo mnakubali au mnakataa. Mnunuzi analipa, hela inapitia chama kikuu, kwenu ni TANECU, wa Masasi na Mtwara wana MAMCU, wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale wana RUNALI, wa Lindi wana Lindi Mwambao. Makato yanatoka, inabaki ya mkulima, AMCOS wanaandaa orodha ya majina na akaunti, orodha inaenda benki, benki inaingiza. Umeona mpwa? Anayekuambia "sistimu" kakutajia njia nzima kutoka Newala hadi Dar bila kusema gari limeharibika wapi.

Rudi AMCOS, usiende na hasira nenda na karatasi yako ya kupimia na kalamu. Muulize karani mzigo wangu uliuzwa mnada wa ngapi, maana kupeleka siku moja na jirani yako sio lazima muuzwe mnada mmoja, magari ya kwenda ghala kuu yanapishana, inawezekana kabisa mzigo wako umeingia mnada wa nyuma na hela yake bado haijatoka, hapo hakuna aliyekosea ni kusubiri tu. Kama mnada wako umeshalipwa, muulize jina langu limo kwenye orodha iliyoenda benki, na namba ya akaunti iliyoandikwa ni ipi. Usikubali kuambiwa "ipo". Isomwe, namba kwa namba, we umeshika kadi yako unafuatilia. Namba moja ikigeuka hela inaenda inagonga mwamba inarudi, na ikirudi haimpigii mtu simu.

Ukishajua hayo ndo uende benki, na huko usiulize hela imeingia, uliza kuna malipo yaliyoingia yakarudishwa, tarehe fulani, kutoka AMCOS fulani. Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa na majibu yake yanakaa sehemu tofauti. Dada wa dirishani anaona salio, anayeona malipo yaliyorudishwa yuko meza ya nyuma. Omba umuone huyo.

Akaunti kulala ni kwa sababu wakulima wengi tunaigusa mara moja kwa mwaka, hela ikiingia unaitoa yote unaondoka, kuanzia hapo mpaka msimu ujao haina hata miamala ya kumwamsha panzi. Benki zina muda wao, ukipita zinaifunga kwa usalama. Dawa yake ni kwenda na kitambulisho kuomba iamshwe, na kuanzia sasa uweke hata elfu mbili kwa wakala mara mojamoja katikati ya mwaka.

Sasa hiyo herufi. Majina yetu huku yameandikwa na kila aliyeshika kalamu, mwalimu kaandika Hamisi, karani kaandika Khamis, wakala wa benki kaandika anavyotamka yeye, Issa ana s mbili kwenye cheti na moja kwenye kadi ya kliniki. Zamani haikua shida, mtu anakuangalia usoni anakujua. Kompyuta haikujui, kwake Saidi na Said ni watu wawili na mmoja wao anataka kuiba hela ya mwenzie. Mi siwezi kuilaumu sana kwa hilo, ninachokasirikia ni mtu mzima aliyekaa mbele yake, anaijua familia yako, anajua ni wewe, halafu anakuangalia hivi anasema "sistimu imekataa" kama vile yeye hana mdomo wa kukuambia cha kufanya.

Cha kufanya ni hiki. Chagua jina la NIDA, la kitambulisho cha taifa, liwe ndo shina, mengine yote yasogezwe kwake, usianze kusogeza NIDA kwenda benki, ni safari ndefu zaidi. Nenda benki na namba yako ya NIDA, zile tarakimu ishirini, nane za kwanza ni mwaka, mwezi na tarehe ya kuzaliwa kwaiyo hakikisha na hizo ziko sawa, waombe wahuishe taarifa. Kwa herufi moja mara nyingi hiyo inatosha. Wakigoma waulize wanataka hati ya kiapo ya majina, kama ndio nenda kwa wakili au mahakamani ukaape kwamba Saidi na Said ni mtu mmoja, uwe na nakala kadhaa maana AMCOS nao watakuja kuitaka. Na wengine mnaosoma hapa, hii kazi ifanyeni Julai au Agosti wakati mnapulizia dawa, msisubiri Oktoba foleni ya benki imefika barabarani.

Najua kangomba, yule mnunuzi wa mlango wa nyuma, ameshapita kwako na hela mkononi. Mi stakabadhi ghalani, huu mfumo wa kupitishia korosho ghalani na mnadani, siipingi, ilipoanza kwenye korosho 2007 tulikua tumeshanyonywa vya kutosha na vipimo vya makopo. Lakini wakubwa wajue, kila wiki hela inapochelewa bila maelezo, kangomba ndo anatangaziwa biashara bure.

SWALI: Mjomba mi mama mbanguaji wa korosho, Mtwara. Simu ilipotea, nataka kuirudisha namba yangu ileile maana ndo yenye hela na wateja. Kila wakala kidole hakisomi. Mmoja kanibonyezesha weeee mpaka nikachoka akasema nirudi kesho. Nifanyeje? Mbanguaji.

MJOMBA: Pole mama. Vidole vyako vimeliwa na kazi, mafuta ya ganda la korosho yana asidi kali inakwangua ngozi mpaka mistari inapotea, na tangu usajili wa alama za vidole uanze Mei 2019 nyie wabanguaji na mafundi ujenzi ndo mnaopata tabu zaidi. Habari njema ni kwamba ngozi inarudi ukiipumzisha. Siku chache acha kubangua kama unaweza, paka mafuta ya nazi usiku, siku ya kwenda nawa maji ya uvuguvugu na sabuni ukauke vizuri. NIDA walichukua vidole vyako kumi, wakala wa mwavuli anang'ang'ania dole gumba, mwambie tujaribu hata cha mwisho cha kushoto, hicho hakishiki korosho. Na kioo cha mashine akifute! Vikigoma vyote achana na mwavuli nenda duka kubwa la kampuni yenyewe na ripoti ya polisi ya kupotelewa, waulize kama wanaweza kukuhakiki kwa maswali badala ya kidole.

Sasa huyo aliyekubonyezesha weeee amenitia wasiwasi. Kuna mawakala wana mchezo, wanasema haijasoma rudia, kumbe imesoma na kila ukibonyeza wanasajili laini nyingine kwa jina lako wanawauzia matapeli. Leo leo azima simu yenye laini yoyote iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako, au subiri ukishaipata yako, piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa jina lako, ukiona usiyoijua iripoti kwa kampuni ifungwe. Na ukirudi kazini vaa glavu mama, majivu peke yake hayatoshi.

SWALI: Mjomba nimekosea namba moja nimetuma elfu sitini kwa mtu simjui. Nimempigia akasema atarudisha, sasa hivi hapatikani. Muuza samaki, Mikindani.

MJOMBA: Ulipompigia ndo ulimuamsha, akaenda kutoa. Hela ikikosewa mpigie huduma kwa wateja kwanza, 100, muda huohuo, au tumia menyu ya kurudisha muamala kama mtandao wako unayo, waizuie ikiwa bado kwenye akaunti yake. Ikishatolewa kampuni haina cha kurudisha, inabaki wewe na yeye. Tunza ile meseji ya muamala, nenda polisi ufungue RB, namba ya taarifa yako, kukaa na hela isiyo yako ni kosa na yeye anajua ndo maana amezima. Jina likija kabla hujaweka namba ya siri lisome, mpwa. Lisome.

SWALI: Mjomba nikipiga huduma kwa wateja naambiwa bonyeza moja bonyeza mbili, halafu muziki. Kuna binadamu kule? Mzee wa Nachingwea.

MJOMBA: Shikamoo mzee wangu. Wapo, ila mchana wote tunapiga wote. Piga alfajiri ukishaswali. Akipokea muulize jina lake na umwambie akupe namba ya lalamiko, iandike. Bila hiyo namba kesho atapokea mwingine utaanza upya, na hata ukitaka kwenda TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, watakuuliza kwanza kampuni ulishaiambia na ikasemaje.

SWALI: Mjomba nimetumiwa meseji "mimi mwenye nyumba wako, ile kodi nitumie kwenye namba hii". Na kweli nadaiwa kodi. Nitume? Mpangaji, Shangani.

MJOMBA: Usitume! Hiyo wanatumiwa watu wote mpaka wenye nyumba wenyewe wanatumiwa. Ipeleke 15040, namba ya kuripoti meseji za matapeli, halafu mpigie mwenye nyumba wako kwa namba yake ya siku zote, maana hata kama huyu ni tapeli, kodi bado unadaiwa.